Gari la umeme kwa mwenye bajeti ndogo, jipya au lililotumika? Tupeane uzoefu

Mleta mada, Nairobi

Habari zenu wanajamvi. Nimefungua mada hii kwa sababu kila mara ninapoonekana nikichomeka gari langu ukutani huulizwa swali lile lile: mwenye fedha kidogo ajikaze anunue gari jipya la umeme, au achukue lililotumika? Naomba aliyenunua aeleze aliyoyakuta, na aliyeahirisha aeleze kilichomzuia.

Nianze na langu. Bajeti yangu haikuvuka shilingi milioni 2 pamoja na ushuru, nyumbani nina soketi karibu na maegesho, na safari ya kazini kwenda na kurudi ni kilomita 38. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, nililoweza kulifikia ni Nissan Leaf ya 2018 kutoka Japani, yenye betri ya kilowati-saa 40. Gari hilo likiwa jipya lilipimwa Marekani na kupewa kilomita 243 kwa chaji moja. Langu sasa linakwenda kama 190, nami sijawahi kukwama njiani. Katika gari la petroli tumezoea kutazama mwaka na kilomita, lakini katika la umeme lililotumika thamani karibu yote imo ndani ya betri, na mwaka wa kutengenezwa hauelezi betri hiyo ilitunzwaje.

Kwa hiyo sikutuma fedha mpaka wakala aliponitumia picha ya dashibodi ikiwa imewashwa. Pembeni ya geji ya chaji kuna vipau 12 vyembamba vinavyoonyesha uzima wa betri. Kipau cha kwanza hakipotei mpaka betri iwe imepoteza takriban asilimia 15 ya uwezo wake, na ndiyo maana hata vipau 12 vikitimia havithibitishi kwamba betri ni kama mpya. Usumbufu ninaouona ni wa matundu ya kuchajia, kwa kuwa ya gari langu ni ya mtindo wa Kijapani ilhali vituo vingi hapa vina plagi za mtindo wa Ulaya. Nachaji nyumbani kwa soketi ya kawaida tangu saa tatu usiku, na kufikia alfajiri nimeongeza kilomita 100 na ushei.

Mchangiaji, Mombasa

Asante sana mleta mada kwa kuligusa suala la vipau, maana hapo ndipo nilipoumia. Nililinunua gari langu, Leaf pia, likiwa tayari nchini, kwa muuzaji ambaye sitamtaja, likiwa na vipau vyote 12. Wiki ya tano kikapotea kimoja, ya saba kikafuata kingine, na kabla ya mwezi wa tatu kwisha vilikuwa vimebaki 9. Fundi alichomeka kifaa chake kwenye tundu lililo chini ya usukani, akafungua kwenye simu LeafSpy, programu inayosoma hali ya betri ya Leaf, kisha akanieleza kuwa yaelekea kumbukumbu ya kompyuta ya betri ilifutwa kabla sijauziwa. Ikifutwa, gari huhesabu kana kwamba betri ni mpya, halafu hujisahihisha polepole kadiri unavyoliendesha.

Ndugu zangu, msiridhike na picha. Lijazeni chaji, liendesheni mpaka ishuke chini ya nusu, mkahesabu kilomita wenyewe. Tena betri ya Leaf hizi za zamani hupoozwa kwa hewa tu, haina mzunguko wa maji ya kupooza, na kwa joto letu la Pwani hilo si jambo la kupuuza.

Mchangiaji, Kigali

Kwetu uchaguzi ulikuwa finyu zaidi. Rwanda tunaendesha upande wa kulia wa barabara, hivyo magari yaliyotumika ya Japani, yenye usukani wa kulia, hayatufai. Kwa upande mwingine, tangu 2021 serikali imetoa msamaha wa ushuru na kodi kwa magari ya umeme, na pengo la bei likapungua. Nilichukua jipya kwa mkopo kwa sababu gari langu linabeba abiria kutwa, na siku likilala gereji sina marejesho ya benki. Dhamana ya betri ya miaka 8 ndiyo niliyoinunua hasa.

Mchangiaji, Columbus, Ohio

Mwaka 2024 nilinunua Chevrolet Bolt ya 2019 iliyotumika, wakati serikali ya Marekani ikitoa nafuu ya kodi ya hadi dola 4,000 kwa gari la umeme lililotumika lenye bei isiyozidi dola 25,000. Nafuu hiyo, pamoja na ile ya dola 7,500 ya magari mapya, ilikoma tarehe 30 Septemba 2025, kwa hiyo anayenunua sasa asiiingize kwenye hesabu. Kilichonivutia zaidi ni kwamba mwaka 2021 magari ya Bolt yaliitwa yarudishwe kwa sababu ya hatari ya betri kushika moto, na ya miaka ya mwanzo yakabadilishiwa betri. Nikapata gari la miaka mitano lenye betri changa kuliko gari lenyewe. Kabla ya kutia saini nilidai karatasi ya kazi hiyo, yenye namba ya chasisi.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mimi sijanunua, na kilichonizuia si bei. Nimepanga Sinza, nyumba ya wapangaji wanne wenye LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Nilipomweleza mwenye nyumba, mzee ninayemheshimu sana, aliniuliza, "Mwanangu, hilo gari litakula uniti ngapi kwa usiku?" Nikampigia hesabu: kwa mwendo wangu, kama uniti 10 kila siku. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nikaombe mita yangu peke yangu. Maombi nimeshayapeleka, na mita ikifungwa nitarudi hapa kuwauliza habari ya vipau.