Nina miaka 19 kwenye cherehani na sasa nimeitwa kiwandani: naombeni ushauri

Mkasi wa Moro

Ndugu zangu wanajukwaa, habari za majukumu.

Mimi ni fundi nguo hapa Morogoro, nina umri wa miaka 43, nina mke na watoto watatu, na kazi hii ndiyo inayotulisha tangu nilipoanza kwa kuweka vifungo na kupiga pasi ya mkaa kwenye baraza la duka la mtu mwingine. Leo nina fremu ninayoilipia kodi ya shilingi 80,000 kwa mwezi, cherehani mbili, moja ya kukanyaga na moja ya mota, ovaloki (mashine ya kumalizia kingo za nguo) iliyochoka, na kijana mmoja ninayemfundisha.

Wiki iliyopita jamaa yangu alinijulisha kwamba kiwanda kimoja kinachoshona nguo za kuuzwa nje ya nchi kinatafuta mafundi. Nilikwenda, nikapimwa mkono kwa kushona mistari juu ya kitambaa, nikaambiwa nimefaulu na kwamba nafasi yangu ipo katika kundi litakaloanza miezi miwili na nusu kutoka sasa. Mshahara ni shilingi 300,000 kwa mwezi kabla ya makato, chakula cha mchana kipo, na nitaandikishwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii.

Kinachonisumbua ni kile nilichokiona siku ile. Kiwandani kazi imegawanywa kwa laini, na kila mtu anashona kipande kimoja tu cha nguo, siku nzima, mwezi mzima. Dada niliyeketishwa karibu naye anaunga mabega. Hajui nguo ilikatwa na nani wala inamalizikia wapi. Mimi ningewekwa kwenye kupachika mikono.

Naomba niwaeleze jambo moja ili mnielewe. Mwezi uliopita mama mmoja aliniletea koti la marehemu mumewe, akaniomba nilipunguze ili mwanawe wa darasa la sita alivae siku ya kipaimara. Nililifumua lote, nikalitandaza juu ya meza, nikakuta kola na kanvasi ya kifuani, kile kitambaa kigumu cha ndani, bado ni nzima, nikaamua kutoyagusa maeneo hayo na kupunguza mgongoni na ubavuni. Ndani ya mikono nilikunja akiba ya inchi moja na nusu, nikamwonyesha mama mahali pa kufumua mtoto atakapokua. Mtoto alipolivaa alisimama mbele ya kioo bila kusema neno, na mama yake akatoka nje. Nilipokea shilingi 18,000, na jioni ile nilirudi nyumbani nikiwa na amani ambayo sijui kama laini ya mikono itanipa.

Lakini sitaki kuwaficha upande wa pili. Desemba na Januari tunashona sare za shule, tunashona kwa ajili ya Idd na Krismasi, na harusi zikiwapo tunashona vitenge vya kamati, ila baada ya hapo kuna wiki ninafungua fremu asubuhi na kufunga jioni nikiwa nimebadilisha zipu mbili tu. Shati zuri la mtumba linapatikana kwa shilingi 3,000, wakati mimi ushonaji peke yake ni 15,000 kabla mteja hajanunua kitambaa. Mke wangu anaona niende, na ana haki ya kuona hivyo, kwa sababu yeye ndiye anayekwenda dukani kukopa unga.

Je, mngekuwa ninyi mngefanya nini? Nawaomba hasa waliowahi kufanya kazi hizi wanijibu.

Binti wa Laini

Kaka, nimefanya kazi kwenye laini kwa miaka minne, kwa hiyo nitakueleza nilichokiishi.

Jema la kwanza ni kwamba mshahara una tarehe. Usilidharau jambo hilo, kwa maana mtu asiyewahi kuwa na tarehe ya mshahara hajui namna usingizi unavyobadilika. Mimi nililipa ada za wadogo zangu wawili kwa sababu mwenye duka na mwalimu wote walijua siku ya kunidai. Jema la pili ni mkono. Ukishona mshono uleule mara mia kadhaa kwa siku kwenye mashine ya umeme, unanyooka na kupata kasi ambayo mafundi wengi wa mtaani hawana.

Ubaya wake ni kwamba idadi inaandikwa kila saa kwenye ubao ulio kichwani pa laini, na ukichelewa wewe anachelewa aliye mbele yako, kwa hiyo macho ya wenzako yanakusukuma kuliko hata msimamizi. Mabega yangu yaliuma mpaka usiku. Lakini lililonihuzunisha zaidi ni kwamba niliingia bila kujua kukata nguo, na nikatoka baada ya miaka minne bila kujua kukata. Wewe unajua kukata. Ukienda, tenga hata Jumapili mbili kwa mwezi za kukata, la sivyo mkono utasahau.

Hesabu Kwanza

Ndugu Mkasi, nimesoma maelezo yako mara mbili na sikuona mahali uliposema unapata kiasi gani kwa mwezi. Umetaja mshahara wa kiwandani, kodi ya fremu, bei ya shati na hata malipo ya lile koti, lakini pato lako mwenyewe hukulitaja, na nadhani hukulitaja kwa sababu hulijui. Nimefanya kazi na wafanyabiashara wadogo kwa muda mrefu, na wengi wao wanahesabu fedha iliyoingia mfukoni bila kutoa uzi, zipu, gamu ya kola, umeme wa LUKU na posho ya kijana. Nunua daftari la kawaida leo. Andika kila shilingi inayoingia, kila inayotoka, na kila nguo iliyomalizika ambayo mwenyewe hajaja kuichukua. Una wiki kumi kabla ya kundi hilo kuanza, na hizo zinatosha kuona ukweli.

Jambo la pili linahusu uzee wako, na hapa naomba uwe makini. Ili mwanachama wa NSSF alipwe pensheni ya uzeeni anatakiwa awe amechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15, na umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Wewe una miaka 43. Ukianza kuchangia sasa bila kukosa mwezi, utafika 60 ukiwa na michango ya miezi 204, maana yake nafasi yako ya kuchelewa ni miezi 24 tu. Hata hivyo, si lazima uajiriwe ndipo uchangie, kwa sababu mtu aliyejiajiri anaruhusiwa kujiandikisha na kuchangia mwenyewe. Tofauti ni kwamba mwajiri anakuchangia walau nusu ya ile asilimia 20 ya mshahara inayopelekwa NSSF, na ukijiajiri mzigo wote ni wako. Weka jambo hili kwenye mizani pamoja na yale ya moyoni.

Mkasi wa Moro

Ndugu Hesabu, umenishika mahali penyewe. Ni kweli silijui. Nimenunua daftari mchana huu.

Mstaafu wa Idara ya Kazi

Mwanangu, mimi nitazungumzia mkataba tu, kwa kuwa wengi wanaingia kiwandani wakiwa wamefurahia mshahara na kusahau karatasi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya kazi yako, mahali pa kazi, saa na malipo. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku. Saa za ziada zinahitaji makubaliano, zinalipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida, na hazitakiwi kuzidi 50 katika wiki nne. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Uliza pia kama kiwanda kinachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa sababu sindano ya mashine ya umeme ikipita kwenye kidole si jambo dogo, na ni mwajiri anayetakiwa kuuchangia mfuko huo, si wewe.

Fahamu vilevile kwamba katika miezi 6 ya kwanza kinga yako dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki ni ndogo sana. Kwa hiyo usiuze cherehani wala ovaloki katika kipindi hicho, hata akitokea mnunuzi mwenye fedha taslimu mkononi. Nimewaona watu waliouza vitendea kazi mwezi wa kwanza wa ajira, na mwezi wa tano wakaanza kuvitafuta kwa bei ya kununulia vipya.

Mwana wa Likoni

Hamjambo wenzangu. Mimi niko Mombasa, na huku kwetu viwanda vya aina hiyo vipo hapa pwani na kule Athi River, vikishonea zaidi soko la Marekani. Ndugu yangu wa Morogoro, kabla hujaitika, uliza nguo hizo zinauzwa wapi.

Nguo nyingi kutoka Afrika Mashariki zimekuwa zikiingia Marekani bila ushuru kwa sheria ya AGOA ya mwaka 2000, na sheria hiyo ina ukomo ambao Bunge la kwao ndilo linaloamua kuuongeza au kuuacha. Septemba 2025 muda wake ulifika mwisho kabla haujaongezwa, na kipindi kile kila mwenye ndugu kwenye laini alikuwa akifuatilia habari za nchi ambayo hajawahi kuikanyaga.

Hata mitumba inayokunyima wateja ina uhusiano na jambo hili. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikusudia kuiondoa hatua kwa hatua, wenye viwanda vya mitumba kule Marekani wakalalamika, na nchi zetu zikalegeza msimamo. Rwanda ilipoendelea na ushuru wake mkubwa, mwaka 2018 ilisimamishiwa nafuu ya AGOA kwa upande wa nguo. Basi usidhani kwamba kwa kwenda kiwandani unaukimbia mtumba. Wote wawili, fundi wa barazani na fundi wa laini, wanapangiwa mbali. Sisemi usiende. Ninasema mshahara wenye tarehe nao una mawingu yake, na usiende ukiamini kwamba umefika nchi kavu.

Babu Pindo

Nimeshona kwa miaka 41, na leo siwezi kutunga uzi kwenye sindano bila mjukuu. Kijana wangu, katika haya yote hakuna aliyekutajia macho. Una miaka 43, na kitambaa cheusi wakati wa usiku kitaanza kukushinda hivi karibuni kama hakijaanza. Laini haitakusubiri uvae miwani. Kwenye fremu yako unaweza kukata, ukamwachia kijana ashone, na ukaendelea kuwa fundi hata macho yakipungua, maana ukataji ni wa akili na chaki zaidi kuliko wa jicho la karibu. Mimi niliendelea kukata miaka 9 baada ya kushindwa kushona. Lakini nilikuwa na vijana watatu niliowafundisha kwa subira. Je, huyo wako unamfundisha kukata, au anapiga pasi tu?

Mkasi wa Moro (mrejesho baada ya wiki tisa)

Shikamoo Babu, shikamoo Mzee Mstaafu, na salamu kwa wote mlionijibu. Swali la Babu lilinichoma, kwa sababu kijana alikuwa nami kwa miaka miwili na sikuwahi kumpa mkasi.

Hesabu yenyewe ni hii. Katika wiki tisa ziliingia shilingi 1,486,000, nikatumia 611,000 kwa kodi, uzi na vifaa, umeme na posho ya kijana, zikabaki 875,000. Hiyo ni wastani wa kama shilingi 97,000 kwa wiki, kiasi kinachozidi mshahara ule, ingawa kuna wiki moja nilibaki na 22,000 tu na kulikuwa na harusi mbili zilizoibeba hesabu yote. Lakini jambo ambalo sikulitarajia liko ukurasa wa nyuma: nina nguo 34 zilizokwisha, zimening'inia ukutani, wenyewe hawajazifuata, na mabaki ninayodai juu yake ni shilingi 412,000. Mke wangu alipoiona namba hiyo alinyamaza, kisha akaniuliza kwa upole ni unga wa miezi mingapi ule unaoning'inia pale.

Kiwandani siendi. Atakayekwenda ni kijana wangu, mwenye miaka 22, naye alinifuata mwenyewe kuniomba ruhusa. Nilimpa, na nilimwonyesha maneno ya Mzee Mstaafu kabla hajatia saini. Tumekubaliana kwamba Jumapili atakuja kwangu kukata, kama Binti wa Laini alivyoshauri. Jumapili iliyopita alikata suruali yake ya kwanza, na kiuno kilikuwa kipana kwa inchi mbili, tukarekebisha.

Nimejiandikisha NSSF kwa hiari na nimelipa mwezi wa kwanza. Sasa ninachukua nusu ya malipo kabla ya kugusa kitambaa. Wateja wawili wamekasirika na kuondoka, na nakiri kwamba iliniuma, kwa sababu mmoja wao ni wa tangu enzi za baraza.

Bado naombeni ushauri mmoja: hizi nguo 34 nizifanyeje? Nyingine zina mwaka.

Binti wa Laini

Kaka, hongera kwa daftari, na asante kwa kumkumbuka kijana. Kuhusu nguo, mpigie simu kila mmoja wiki hii kwa jina na kwa vipimo vyake, umtajie nguo yenyewe, usianze na deni. Wengi hawaji kwa sababu wanaona aibu ya kukaa muda mrefu, wala si kwamba wamezikataa. Mwenye shida ya kweli mgawie malipo mara mbili. Usiiuze hata moja kabla hujazungumza na mwenyewe, kwa kuwa hujui ni ipi kati ya hizo iliyoshonwa kwa kitambaa cha mtu aliyefariki.