Moshi–Dar na bibi: treni au basi?

Mwana_Kibosho: Wakuu, habari za jioni. Nataka kushuka Dar na bibi. Treni au basi? Naomba ushauri wa haraka.

DerevaMstaafu: Lini? Mizigo kiasi gani? Bibi mwenyewe anatembea?

Mwana_Kibosho: Samahani mkuu. Ni baada ya mwaka mpya. Bibi ana miaka 74, magoti yanamsumbua. Mizigo ni mikungu minne ya ndizi na kuku mmoja hai, huyo hakubali kumwacha.

MamaPare: Treni, daraja la pili kulala. Ananyoosha miguu, choo kipo humohumo, anaamka anaikaribia Dar. Kwenye basi mpaka gari lisimame mchimbe dawa, na magoti yale?

ChapChap: Basi linatoka alfajiri, jioni uko Mbezi. Mambo ya kulala njiani ya nini?

MamaPare: ChapChap, nisikilize. Mwaka juzi nilipanda basi moja, jina naliacha. Karibu na Hedaru, saa saba mchana, likazima. Kondakta: "Dakika kumi tu." Jua la Upareni unalijua. Kivuli kilikuwa cha basi lenyewe, kikisogea nasi twasogea nacho. Fundi akaja na bodaboda kutoka Same, mkanda wa feni kauning'iniza shingoni. Kuujaribu, mfupi. Akarudi Same! Gari la kutuokoa lilifika saa moja usiku likiwa limejaa, nikasimama hadi Segera. Parachichi zangu kwenye buti zilikuwa uji.

ChapChap: Pole dada. Na treni ikizima porini, fundi wa bodaboda atakuja na nini shingoni?

DerevaMstaafu: 😂 Kijana, treni haiendi kila siku. Pita stesheni ya Moshi uulize siku kabla hujamwahidi bibi.

Mzee_wa_Reli: Mnabishana hata njia hamuijui. Mjerumani alianzia Tanga 1893, akafika Moshi 1911, akakomea hapo. Arusha ilifikiwa na Mwingereza, 1929. Reli yetu ilitazama Tanga, na kupitia Kahe na Voi ikatazama Mombasa. Dar tuliunganishwa 1963, kilipojengwa kipande cha Ruvu–Mruazi.

Ngarenaro_1: Mzee, babu aliniambia reli ya Arusha ni ya Mjerumani.

Mzee_wa_Reli: Babu kachanganya na Boma, ile ngome ya zamani pale Arusha. Boma ndilo la Mjerumani.

Ngarenaro_1: Basi huyo Mwingereza alituachia kitu cha kulala zaidi ya miaka 20. Abiria tumerudishiwa treni Moshi Desemba 2019, sisi Arusha Oktoba 2020. Wenzetu wa Dodoma wanapanda ya umeme tangu 2024, huku bado tunayumba kwenye reli ya zamani ya upana wa mita moja.

ChapChap: Umeme ukikatika je?

DerevaMstaafu: Tumeshatoka kwa bibi sasa.

Mwana_Kibosho: Nimemsomea yote. Anasema treni sawa, ila lazima anunue machungwa Muheza.

Mzee_wa_Reli: Treni ya Dar haipiti Muheza.

Mwana_Kibosho: Hilo nani atamwambia? Na la kuku hamjanijibu.