Naomba ushauri: nitamteteaje Ten Hag, kocha wa zamani wa Man United, mbele ya mdogo wangu?

Wakuu, habari za muda huu. Mwenzenu ni Man United wa damu, mdogo wangu ni Arsenal. Kila tukikaa mezani swali ni lile lile: hivi Ten Hag alikuwa anasajili, au anakusanya wanafunzi wake wa Ajax, timu aliyofundisha kabla yetu? Antony, Lisandro Martínez, Onana, halafu De Ligt na Mazraoui. Lisandro sina neno naye. Ila Antony, zaidi ya pauni milioni 80, winga wa kulia anayejua kuingia ndani na mguu wa kushoto tu! Jezi yake namba 21 ninayo, siku hizi wife anadekia.

Kwenye mbinu ndiyo nakosa jibu kabisa. Washambuliaji walikuwa wanakabia juu, mabeki wamebaki nyuma, katikati Casemiro peke yake anakimbizana na watu watatu. Msimu wa 2023/24 tukamaliza wa 8.

Mimi najitetea na makombe mawili, Carabao ya 2023 na FA ya 2024, tena fainali ya FA tulimpiga Man City 2-1. Dogo anacheka tu, ananikumbusha 7-0 tulizopigwa na Liverpool pale Anfield.

Naombeni hoja jamani, Jumapili anakuja tena kula kwangu.