Zamu za usiku baharini: saa tatu, saa nne au mtindo wa Kiswidi? Tuko watatu, Las Palmas hadi St Lucia

MwanaTanga
Asalaam aleikum wakubwa, na wengine habari za leo. Mimi mtoto wa Tanga, nimekulia kwenye ngalawa, ila sijawahi kukaa baharini zaidi ya usiku mmoja. Sasa niko Las Palmas, visiwa vya Kanari, na nimepata nafasi ya ubaharia kwenye yoti ya futi 40. Tunavuka Atlantiki kwenda St Lucia, kama maili 2,700 za bahari, tukiondoka mwisho wa Novemba. Nahodha anakadiria siku 18 hadi 21. Tuko watatu: yeye, mkewe na mimi.

Ametuachia tuchague utaratibu wa zamu. Wa kwanza ni saa tatu kazini, sita za kupumzika. Wa pili ni nne kwa nane. Wa tatu wanauita wa Kiswidi: mchana zamu mbili za saa sita sita, usiku zamu tatu za saa nne nne. Naomba majibu ya waliozikesha wenyewe. Hofu yangu ni moja, kusinzia nikiwa zamu huku wenzangu wawili wamelala chini wakiniamini.

Mzee_wa_Shetri
Waleikum salaam mwanangu. Hiyo njia nimeipita mara nne nikipeleka yoti za watu.

Anza na hesabu. Siku ina saa 24. Ukikata zamu za saa nne unapata sita, na sita inagawanyika kwa watu watatu, kwa hiyo kila mtu anashika saa zilezile kila siku mpaka mwisho wa safari. Ukikata za saa tatu unapata nane, na nane haigawanyiki kwa watatu. Zamu inasogea: leo umeshika saa 6 hadi saa 9 usiku, kesho saa 9 hadi saa 12 alfajiri. Wengi wanapenda kusogea huko kwa sababu kila mtu anaonja zamu mbaya. Mimi sikupatana nako kabisa. Mwili haupati nafasi ya kuzoea, kila siku unaulazimisha ulale saa nyingine.

Kwa nne kwa nane, siku tatu za kwanza zitakuwa ngumu kwa vyovyote, kichefuchefu kipo na mlio wa kila kamba ni mgeni masikioni. Siku ya nne au ya tano utajikuta umefumbua macho kabla hujaitwa. Nakushauri hiyo. Upepo wa kule unatoka kaskazini-mashariki, unakuja mgongoni, na joto linaongezeka kadiri mnavyoshuka kusini, kwa hiyo saa nne peke yako zinavumilika. Ingekuwa Ghuba ya Biscay, kati ya Ufaransa na Uhispania, mwezi wa kumi ningekwambia saa mbili, maana baridi ya kule inakula akili.

BintiKilifi
Shikamoo mzee. Nakubali kwa watu watatu, lakini naongeza jambo moja ambalo tulilipata kwa shida.

Mimi na mume wangu tulitoka Mahé, Shelisheli, kuja Kilifi wakati wa kusi, maili 900 na ushei, watu wawili tu. Tulipanga nne kwa nne, sawa kwa sawa, usiku na mchana. Siku ya tano, saa 8 za usiku, nilikuwa nimekaa kwenye usukani, jaketi la kujiokolea limevaliwa na mkanda umefungwa kwenye pete. Nilifumba macho nikijiambia ni dakika moja. Nilipofumbua, taa nyeupe mbili zilikuwa mbele yetu, moja juu ya nyingine, na chini yake naona nyekundu na kijani kwa pamoja. Mnaojua mnajua: meli inakuja pua kwa pua. Nilisukuma kana, yaani mkono wa usukani, tukageuka, ikapita karibu kiasi cha kusikia injini yake. Mume wangu hakuamka.

Tangu hapo tuna saa ndogo ya jikoni inayolia kila dakika 15, shingoni mwa aliye zamu. Piga hesabu: meli inakimbia noti 18, yaani maili 18 za bahari kwa saa, ninyi sita, mnakaribiana kwa noti 24. Ukiiona ikiwa maili nane, una dakika 20. Ndiyo maana ni 15 wala si 30. Na Kanuni ya 5 ya kuzuia migongano baharini inataka mtu aangalie muda wote. Kile kifaa cha AIS, kinachoonyesha meli zilizo karibu, ni msaada, hakichukui nafasi ya macho.

Usawa wa saa haukutusaidia. Kilichotusaidia ni kila mtu kupata usingizi mmoja mrefu, usiokatwa, ndani ya saa 24. Ukilinganisha taratibu zako tatu, linganisha hilo kwanza.

Fundi_Mtwapa
Kabla ya zamu, uliza: nani anashika usukani? Saa nne za kuangalia bahari na saa nne za kushika kana kwa mkono ni vitu viwili tofauti. Otopailoti ya umeme, mashine inayoshika usukani yenyewe, inafuata dira vizuri lakini inamaliza betri. Usukani wa upepo, ule wa bawa nyuma ya shetri, yaani mwisho wa chombo, hauli umeme hata kidogo, na upepo ukigeuka chombo kinageuka nao, kwa hiyo uangalie dira. Huko Atlantiki kuna magugu ya sargasamu yananasa kwenye bapa lake. Kaeni na upondo wa kuyatoa. Vyote viwili vikifa mkalazimika kushika kwa mkono, shukeni hadi saa mbili mbili siku hiyohiyo.

AbuSalim_Muscat
Mtindo wa Kiswidi nimeuishi, tulikuwa wanne, wawili wawili. Ulitufaa sana kwa sababu zamu ni tano, namba witiri, kwa hiyo makundi mawili yanapokezana usiku mbaya bila kugombana, na mchana unalala saa sita kamili. Kwa mtu mmoja mmoja, saa sita za jua peke yako ni nyingi. Muwe wanne ndipo muufikirie.

Kama unaswali, omba zamu ya saa 10 alfajiri hadi saa 2 asubuhi. Mnaelekea magharibi, kwa hiyo kibla kiko upande wa shetri, na alfajiri inapasuka hukohuko. Ndiyo zamu ya kuokota panzi wa bahari, wale samaki warukao, walioangukia sitahani usiku, wengine bado wanapapatika.

Halafu kumbukeni saa za ukutani. Kati ya Kanari na St Lucia kuna tofauti ya saa nne. Kila mkirudisha saa moja, mtu mmoja anaongezewa zamu. Sisi tuliigawa saa hiyo mchana, baada ya chakula.

MwanaTanga
Mungu awalipe. Nimekaa na nahodha na mkewe jioni hii, tumechukua nne kwa nane. Yeye saa 2 hadi saa 6 usiku, mama saa 6 hadi saa 10, mimi saa 10 hadi saa 2 asubuhi. Usukani wa upepo upo, nimeuona na nimeupaka grisi. Saa ya jikoni nimenunua. Swali la mwisho: nani apike?

Mzee_wa_Shetri
Huyo mama mmempa zamu nzito kuliko zote. Msimpe na jiko. Pikeni wewe na nahodha, chakula kimoja cha moto kwa siku, kabla jua halijazama, na tanga kubwa lipunguzwe kabla hamjala, maana mvua za ghafla za kule zinapenda usiku. Maji wekeni lita nne kwa mtu kwa siku. Kwa siku 21 ni lita 252, na akiba juu yake. Anayetoka zamu ndiye anayejaza chupa ya chai ya anayeingia. Mkifika nusu ya njia, badilishaneni na mama mara moja, kisha msiguse tena.

BintiKilifi
Na umwamshe mwenzio robo saa kabla. Mguse mguu, usimwite jina kwa sauti. Gizani jina likiitwa anadhani kuna mtu kaanguka.