Honda CG125 ya marehemu baba: fremu ikatwe wapi ili iwe kafe resa?

MwanaWaBwanaMifugo (Morogoro)

Ndugu wanajukwaa, ninaomba ushauri wenu kabla sijashika grinda. Marehemu baba yangu alikuwa bwana mifugo, na kwa miaka mingi alizunguka vijijini kwa Honda CG125 nyekundu, ile ya zamani yenye umeme wa volti 6 na platini (kifaa cha kukata na kuunganisha umeme wa plagi), ambayo cheni yake imefunikwa yote kwa bati. Tangu alipofariki, pikipiki hiyo imekaa stoo miaka 9, imeegemezwa ukutani pamoja na majembe, na mwezi uliopita mama aliniambia niichukue niifanyie ninachotaka, mradi isiishie kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Ninataka kuigeuza iwe kafe resa: usukani wa chini, kiti cha mtu mmoja kilichonyooka chenye kinundu nyuma, na tangi libaki lile lile la baba. Kwa sasa kiki inashuka bila upinzani wowote, tangi lina kutu ndani, tairi zimepasukapasuka, nyaya zimeliwa na panya, na foki za mbele zinavuja oili. Fundi mmoja wa mtaani kwetu anashauri tuanze kwa kukata fremu yote ya nyuma na kuchomelea bomba jipya lililopindwa, kisha tuondoe boksi la chujio la hewa ili sehemu ya katikati, chini ya kiti, ibaki wazi kama inavyoonekana kwenye picha za wenzetu. Anasema kazi hiyo ni ya siku mbili. Nimesita, kwa sababu chuma kikishakatwa hakirudi, na pikipiki hii ndiyo kitu pekee cha baba ambacho bado kina alama za mikono yake kwenye raba za usukani.

Naomba kujua fremu ikatwe wapi, na kama kuna jambo la kutangulia kabla ya kukata. Naomba pia mniambie kwa ukweli kama injini ndogo namna hii inastahili mtindo huo.

FundiWaGerezani (Dar es Salaam)

Ndugu yangu, pole kwa kumpoteza mzee, hata kama siku zimepita. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo litakaloamua mengine. Mtindo huu ulikua Uingereza, hasa miaka ya 1950 na 1960, kwa vijana waliokutana kwenye migahawa ya barabarani kama Ace Cafe ya London, wakiondoa kila kilichoongeza uzito na kushusha usukani ili mwili ulale, upepo usiwazuie, na wafikishe maili 100 kwa saa, yaani kama kilomita 160. CG yako haitafika huko hata ukiifanya nini, na haikuundwa kwa ajili hiyo. Honda waliitoa mwaka 1976 baada ya wahandisi wao kuona jinsi pikipiki zinavyotumika katika nchi kama zetu, zikibebeshwa mizigo mizito na kukaa muda mrefu bila kubadilishwa oili. Ndiyo maana vali zake (milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi) zinasukumwa na pushi rodi, yaani fimbo za chuma, badala ya cheni ya juu ambayo ingeharibika mapema. Kwangu mimi hiyo si sababu ya kuinyima mtindo huu. Kilichowafanya vijana wale waondoe vitu ni kutaka kila kinachobaki kiwe na kazi, na kwa kipimo hicho pikipiki yenye uzito usiofika kilo 110, yenye injini ambayo kila fundi wa hapa anaijua, inastahili kabisa.

Lakini usikate chochote sasa. Pikipiki nyingi zinazoanza kwa grinda huishia kuwa fremu tupu nyuma ya nyumba, kwa sababu fedha na hamu huisha kabla injini haijawaka. Anza na injini ikiwa ndani ya fremu ile ile. Fungua plagi, mimina kijiko kimoja cha oili safi ndani ya silinda, piga kiki mara kadhaa huku umeziba tundu kwa kidole gumba: mgandamizo ukiongezeka, ringi au silinda zimechoka, usipoongezeka, shaka ielekee kwenye vali, ambazo baada ya miaka 9 huenda zimeshika kutu kwenye viti vyake, yaani pale zinapokaa zikifunga. Kabla ya kufungua hedi (kichwa cha injini) hakikisha nafasi ya vali, yaani pengo kati ya vali na kinachoisukuma, ni milimita 0.08 zote mbili, kwa sababu vali iliyobana kupita kiasi haifungi sawasawa na hutoa dalili ile ile. Ukilazimika kuchonga silinda, kipenyo chake cha asili ni milimita 56.5. Nunua pistoni kwanza, kisha mpelekee fundi wa kukereza achonge kwa kuifuata hiyo pistoni. Usichonge kwanza ndipo utafute pistoni. Vipuri havitakusumbua, kwa sababu Wachina wamenakili injini hii kwa miaka mingi na bodaboda nyingi zinatembea na nakala zake, ila pima kila kipuri pembeni ya kile cha zamani kabla hujalipa.

Ikishawaka na kutembea, ndipo uje kwenye fremu. Usikate kamwe mbele ya mahali shokapu zinapofungwa kwa juu, kwa sababu kuanzia hapo kwenda mbele bomba linabeba mwili wako na kila shimo la barabarani, ila kuanzia hapo kwenda nyuma linabeba mkia wa kiti, taa na bati la matope tu. Alichopendekeza fundi wako, kukata fremu yote ya nyuma, maana yake ni kwamba uhai wako utashikiliwa na mshono wake. Wewe acha sentimita chache nyuma ya shokapu, na bomba la kuziba lililopindwa liunganishwe kwa kipande cha ndani kinachoingia pande zote mbili kabla ya kuchomelewa. Usitumie bomba la maji lililopakwa zinki, kwa kuwa moshi wake huumiza mapafu na mshono wake hauwi safi.

Kabla ya kupinda bomba hilo, fungua shokapu, toa springi, zirudishe bila springi na ushushe fremu mpaka mwisho wa mwendo wake. Hapo utaona tairi inapanda hadi wapi. Nimeletewa kafe resa mbili ambazo tairi ilikuwa inakula ubao wa kiti kila zinapopita kwenye tuta, na moja ilikuwa imeshakata waya wa taa ya nyuma.

Jambo la mwisho kwa leo ni kiki. Ukishusha usukani bila kurudisha nyuma vikanyagio, mgongo na vifundo vya mikono vitakuuma ndani ya nusu saa, kwa hiyo watu huvirudisha. CG yako haina stata, na kikanyagio cha kulia kikirudi nyuma huwa kinakaa katika njia ya kiki. Tumia kinachokunjika, na ujaribu kwa kamba na vipande vya mbao kabla hujatoboa tundu lolote. Zungusha pia usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto: vidole vyako visibanwe kati ya kishikio na tangi.

JuaKaliNakuru (Kenya)

Nakubaliana na mwenzangu wa Gerezani, nami naongeza habari ya boksi la hewa, kwa kuwa nililiondoa kwenye yangu na nikajuta. Nilifunga kichujio kidogo cha sponji moja kwa moja kwenye kabureta ili sehemu ya katikati ionekane wazi. Kwanza pikipiki ilianza kukohoa ukifungua mafuta kwa ghafla na plagi ikawa nyeupe, ishara kwamba hewa imezidi petroli, nikalazimika kubadilisha jeti kuu (kitundu cha kupitisha petroli kwenye kabureta) mara tatu. Hilo lilirekebishika. Lisilorekebishika ni vumbi: mimi hupita barabara za udongo mwekundu kila siku, na kabla ya mwaka kwisha ringi zilikuwa zimelika na injini inakula oili. Barabara zenu za vijijini sidhani zina vumbi pungufu. Boksi la CG ni dogo, linaweza kupakwa rangi nyeusi likajificha nyuma ya vifuniko vya pembeni, na hakuna atakayeliona.

Kuhusu nyaya, usiunge zilizoliwa na panya; ng'oa zote uanze upya. Ukitaka volti 12, chukua seti nzima kutoka injini moja ya aina ya CG, yaani sumaku, koili za ndani, CDI (kifaa cha kielektroniki kinachowasha plagi badala ya platini), koili ya plagi na regyuleta (kidhibiti cha volti), kisha ujaribu kwanza kama sumaku inakaa sawasawa kwenye koni ya krenki yako, yaani ncha ya mhimili mkuu wa injini. Balbu zote na honi zibadilishwe pamoja, kwani za volti 6 zitaungua mara moja. Na siku ya kuchomelea, betri iwe imeondolewa.

MzeeWaChumbageni (Tanga)

Mwanangu, wenzako wamesema vizuri kuhusu kuwaka na kutembea, nami nitasema kuhusu kusimama, kwa kuwa usukani ukishuka uzito wako utahamia mbele na breki ya mbele ndiyo itakayofanya kazi kubwa kuliko ilivyokuwa kwa baba yako. Ni breki ya ngoma, na watu wengi huidharau bila kuifungua. Ifungue. Viatu vikikaa muda mrefu gundi yake huachia, hata kama unene bado upo, kwa hiyo weka vipya. Safisha kamu inayovitanua na uipake grisi kidogo sana, isifike kwenye ngoma. Kisha tazama ule mkono mdogo unaovutwa na kebo: breki inaposhika, mkono na kebo vikutane kwa pembe mraba au karibu na hapo; ukiwa umelala sana, nguvu ya kidole chako inapotea njiani. Usukani mfupi unahitaji kebo fupi pia, maana kebo ndefu iliyozungushwa hukwaruza na kunyonya nguvu.

Tangi la baba yako lisikatwe wala lisichomelewe. Mvuke wa petroli hukaa kwenye mikunjo ya bati kwa miaka, na tangi linaloonekana kavu limewahi kuwaunguza watu. Liondoe, toa koki, lijaze siki kwa siku mbili au tatu pamoja na mnyororo mwembamba, ulitikise mara kwa mara, kisha lisuuze kwa maji yenye magadi ili ukali wa siki uishe, ulikaushe juani, na siku hiyo hiyo ulipake oili nyepesi kwa ndani, kwa sababu bati lililosafishwa hurudia kutu usiku mmoja.

Rangi yake iache nyekundu. Rangi imeandikwa kwenye kadi ya pikipiki, na ukiibadilisha itakubidi ukabadilishe na kadi. Namba ya chesisi imegongwa kwenye shingo ya fremu. Mwambie mpaka rangi asiisugue kwa grinda wala kuifukia kwa puti, kwani ikipotea utashindwa kuthibitisha kwamba pikipiki ni ya baba yako. Taa, viashiria na kibao cha namba vibaki, hata kama pichani havionekani.

MwanaWaBwanaMifugo (Morogoro)

Shikamoo mzee, na nawashukuru ndugu zangu wote. Jumamosi nilifanya jaribio la kijiko cha oili na mgandamizo haukuongezeka hata kidogo. Nafasi ya vali ilikuwa sawa, kwa hiyo nikafungua hedi na kumwaga petroli kidogo kwenye njia ya eksozi: ilipenya ndani ya sekunde chache, na vali ya eksozi ilikuwa na madoa ya kutu kuzunguka ukingo wake wote. Silinda haina mikwaruzo, na pistoni ina alama ya saizi ya kwanza, maana yake baba hakuwahi kuichonga. Hedi itakwenda kusagwa vali wiki hii.

Fremu sijaigusa. Nilitoa springi za shokapu kama nilivyoelekezwa, na tairi ilipanda mpaka ikagusa bati la matope. Sasa nauliza: kama nikitengeneza kiti kipya juu ya ubao na kukifunga kwenye boliti zile zile za kiti cha zamani, inawezekana nisikate kabisa?

FundiWaGerezani (Dar es Salaam)

Inawezekana, na kwa pikipiki yenye historia hiyo ndivyo ningefanya mimi. Tengeneza kiti cha plaiwudi ya milimita 12 au faiba, chenye kinundu kinachofunika mwisho wa fremu, na sehemu yake ya mbele ikutane na tangi bila pengo. Jicho hufuata mstari wa chini wa tangi, na mstari huo ukiendelea mpaka mwisho wa kiti bila kuvunjika, hakuna atakayeuliza fremu inaishia wapi. Kwa sponji usinunue ile laini ya godoro la kawaida. Mwombe fundi wa makochi akupe iliyogandamizwa, unene wa sentimita 4, kwa sababu laini italala yote na utakuwa umekalia ubao. Bati la matope lipunguze kwa nyuma tu, sehemu iliyo juu ya tairi ibaki kulinda nyaya. Kiti cha baba kisafishe na ukihifadhi mzimamzima pamoja na boliti zake.

Hedi ikirudi, kabla ya kuwasha toa kile kifuniko cha chini ya injini chenye springi na chujio la wavu, ukisafishe, uweke oili mpya, kisha upige kiki mara 30 hivi plagi ikiwa nje, ili oili ipande juu kwanza.