Walimu waandaliwe vipi kuwapokea wanafunzi waliokimbia vita?

Mkufunzi wa ualimu: Ndugu walimu, nimekabidhiwa kuandaa mafunzo ya walimu watakaofundisha madarasa yenye watoto wa lugha na tamaduni mbalimbali, baadhi yao wakiwa wamekimbia vita. Je, nianze na nadharia ya kiwewe (jeraha la nafsi linaloachwa na matukio ya kutisha) au na mbinu za darasani?

Mwalimu wa msingi: Anza na darasa, mwenzangu. Mtoto anayeruka kwa kushtuka mlango unapobamizwa, au anayekaa kimya kwa wiki kadhaa, mara nyingi huhesabiwa kuwa mkaidi au mzito wa kuelewa, ilhali mwili wake bado uko katika tahadhari. Mwalimu azoee kutangaza ratiba kila asubuhi, kutoa taarifa kabla ya kengele ya zoezi la moto kulia, na kamwe (nalisisitiza hili) asimlazimishe mtoto kusimulia yaliyompata mbele ya wenzake.

Mshauri nasaha: Naafiki, ila mwalimu si tabibu. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 umejengwa juu ya kutazama, kusikiliza na kuunganisha, na hilo la tatu ndilo linalosahaulika: mwalimu ajue mapema atampeleka mtoto kwa nani.

Mwalimu wa lugha: Naongeza kwamba lugha ya nyumbani isipigwe marufuku darasani. Vilevile, watoto wa pande zilizopigana wanaweza kujikuta dawati moja, kwa hiyo walimu wafanye mazoezi ya kusuluhisha mzozo wa namna hiyo kabla hawajaukuta.