Mjadala: Anayempa shofere ufunguo afundishwe kutambua ulevi, ndiyo au hapana?

Ndugu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, malori ya shaba, kobalti na asidi tunapishana nayo kila siku. Februari 2019, karibu na Tenke, lori la asidi liligongana na basi, watu wengi wakafa. Sisemi shofere alikuwa amelewa. Nasema mzigo wa namna ile hautaki mtu mwenye kichwa kizito. Msimamo wangu: kila chefu wa parki, yaani msimamizi wa maegesho ya malori anayegawa funguo, afundishwe kumtambua shofere aliyekunywa pombe au dawa, na awe na mamlaka ya kumnyima ufunguo.

Wengi watajibu, "Nunueni alkotesti, mashine ya kupulizia pumzi, basi." Kipimo hicho kinajua pombe tu. Bangi hakioni, tramadoli, ile dawa kali ya maumivu, hakioni, wala vidonge vya kukeshea foleni ya mpakani Kasumbalesa. Mtu aliyefundishwa anaona macho mekundu, ulimi mzito, mtani wa kila siku ambaye leo anagombana bila sababu.

Hoja nzito ni ya mashofere wenyewe, na wana haki: chefu akikuchukia atasema umelewa, kazi imekwisha. Ndiyo maana nataka mafunzo. Mwenye kisukari, sukari ikimshuka, anatetemeka, anatoka jasho, anaongea ovyo kama aliyekunywa lutuku, pombe kali ya kienyeji. Chefu asiyefundishwa atamfukuza mgonjwa huyo, na mlevi aliyetafuna peremende atapita. Marekani, sheria inataka wasimamizi wa mashofere wa magari makubwa wafundishwe angalau dakika 60 kuhusu pombe na dakika 60 kuhusu dawa za kulevya. Msimamizi akimshuku mtu, anaandika alichokiona na kutia sahihi, tena haruhusiwi kumpima pombe yeye mwenyewe. Kipengele hicho cha mwisho ningependa tukichukue kwanza, hata kabla ya mashine, maana kinamfunga mikono mwenye chuki.

Linalobaki ni pesa. Shofere akizuiwa asubuhi, posho ya safari imepotea. Akipimwa na kuonekana mzima, naona kampuni imlipe siku hiyo yote, la sivyo wenzake watamficha hata aliyelewa kweli. Mashofere wa njia ya Kasumbalesa, nanyi mnaosimamia parki, semeni: kwenu nani anamtazama shofere usoni kabla hajawasha gari, na akikuta jambo anafanya nini?